Kamera ninayo, jukwaa ndilo sijalijua

*"Shikamoo dada. Nina miaka 23, naishi Morogoro. Nimenunua Canon 700D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nataka kuwa mpiga picha na video wa shoo za muziki, siku moja nifanye kazi na wasanii wakubwa. Mwezi uliopita nilijaribu kwenye baa moja ya hapa mjini yenye bendi. Picha nyingi zimetikisika, nyuso ni nyekundu tupu, na video sauti yake inakwaruza mpaka aibu. Rafiki yangu anasema tatizo ni kamera, nitafute ya milioni nne. Mimi nina laki tano. Nianzie wapi?"*

Marahaba mdogo wangu. Hizo laki tano usizitoe mfukoni bado, nitakuambia pa kuzipeleka tukifika huko. Rafiki yako hakukosea sana: 700D ilitoka 2013 na gizani inachoka mapema. Lakini mtu asiyeujua muziki ukimpa kamera ya milioni nne, atakuletea picha safi za dakika ambazo hakuna kilichotokea. Nimesimama mbele ya majukwaa ya Dar es Salaam na Zanzibar kwa miaka kumi na minne sasa, na makosa yangu makubwa karibu yote yalikuwa ya sikio.

Usiku wangu wa kwanza kupiga taarabu niliingia ukumbini nikiijua kamera yangu kama kiganja. Mwimbaji akaanza, ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, mimi naupiga uso wake tu. Nikaona hakuna jipya, nikainama kubadilisha lenzi. Ninainua kichwa, mama mmoja wa gauni la kijani anashuka jukwaani. Kumbe ameshanyanyuka kitini na noti juu, ameshacheza taratibu ukumbi mzima mpaka mbele, ameshamtunza mwimbaji, na vigelegele vimeshapigwa. Picha ya usiku ule ilikuwa ile, na mimi nilikuwa naangalia kifuniko cha lenzi. Aliyekulia kwenye taarabu angejua: fumbo likishaguswa, kuna mtu litamnyanyua, ama limemkuta yeye, ama anataka limfikie jirani aliyekaa meza ya pili. Na picha ya kutunza haianzii jukwaani. Inaanzia kitini, mkono unapopanda, halafu unaye kwa nusu dakika nzima akija kwako.

Kila muziki una saa yake namna hiyo. Kwenye dansi wimbo unaanza kwa utulivu, kisa kinasimuliwa, halafu inafika chemko: gitaa la solo linabadilika, tumba zinapanda, wanenguaji wanaingia. Anayeujua wimbo anakuwa ameshapandisha kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufungika unapopiga, kabla mnenguaji wa kwanza hajaonekana. Kwenye singeli mapigo yanapita 200 kwa dakika, yaani pigo moja halifiki theluthi ya sekunde, kwa hiyo usijidanganye kwamba kidole chako kitayafuata. Pale unasubiri MC aukate mdundo. Kwenye ule ukimya mfupi watu huvuta pumzi, ukirudi wanaruka wote pamoja, na wewe unabonyeza wakiwa hewani. Bongo Fleva nayo, msanii akiunyoosha mkono wenye maiki kuelekea kwa watu wakati wa kiitikio, geuka! Mpe mgongo. Kinachotokea kiko nyuma yako.

Ndiyo maana sitaki uanzie kwenye tamasha. Anzia kanisani.

Usicheke. Kama wewe ni Muislamu au hupendi makanisa, tafuta kikundi cha ngoma au bendi ya shule, ila kwaya ina mambo matatu ambayo hutayapata baa. Kwanza, mwanga ni wa mchana, wa madirishani, na kamera yako hapo haina cha kujitetea. Pili, miondoko inajirudia kila kiitikio: ulichokikosa safari ya kwanza kitarudi baada ya ubeti, na mara ya tatu utakuwa unakingoja. Tatu, wana mazoezi katikati ya wiki. Omba ruhusa kwa mwalimu wa kwaya, nenda siku ya kwanza bila kamera kabisa, ukae, usikilize. Siku ya pili uende nayo. Jumapili utakuwa unajua soprano yupi hufumba macho akifika noti ya juu.

Baada ya mwezi hivi ndipo urudi kwa ile bendi ya baa, na urudi kwao hao hao, wiki kwa wiki. Wanaoanza wengi huzunguka, leo shoo hii, kesho ile, wanarudi na sura za watu hamsini wasiowajua. Bendi moja ukiifuata Ijumaa kumi, ya nne tu wanaacha kukupozia, ya sita mpiga besi anakusogezea kiti upite, ya nane wanakuita nyuma ya jukwaa wanapopaka jasho poda. Picha za nyuma ya jukwaa hazinunuliwi kwa lenzi.

Sasa tuje kwenye yale mapicha yako yaliyotikisika. Lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyofunguka zaidi. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Hapo ndipo laki tano zako zinapokwenda, na kwa bei za mtumba unatakiwa kubaki na chenji ya betri mbili za akiba na kadi. Haina zumu, kwa hiyo miguu yako ndiyo zumu. Kwenye kamera yako hiyo 50 inafanya kazi kama 80, safi kwa mtu mmoja kuanzia kiunoni kwenda juu. Ile 18-55 iache mkobani kwa ajili ya kupiga jukwaa zima na umati.

Weka kamera kwenye M, yaani wewe mwenyewe ndiye unayepanga mwanga. Ukiiacha ijiamulie, itaona weusi mwingi nyuma ya msanii, itadhani dunia nzima ni giza, itaongeza mwanga mpaka uso wa mtu ugeuke karatasi. Anzia hapa: f/2, shata 1/250 (sehemu moja ya 250 ya sekunde), ISO 3200 (jinsi kamera inavyoukuza mwanga). Mwimbaji aliyesimama unaweza kumshusha mpaka 1/160. Mnenguaji anataka 1/500, na hapo itabidi ISO ifike 6400 na chengachenga zionekane. Acha zionekane. Sijawahi kumsikia msanii akilalamika kuhusu chenga, lakini aliyetikisika hakuna anayemchapisha.

Wekundu nao una sababu yake. Taa za LED za jukwaani zikiwaka nyekundu tupu, kwenye kamera ni sehemu ya rangi nyekundu peke yake inayopokea mwanga. Inajaa, inamwagika, na uso unakuwa kama umemwagiwa rangi ya ukuta, bila pua wala mashavu. Bluu na zambarau ni ndugu zake. Kipimo cha mwanga cha kamera kitakuambia mwanga uko sawa kwa kuwa kinachanganya rangi zote tatu, kwa hiyo kwenye menyu chagua grafu inayoonyesha kila rangi peke yake. Ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga. Piga faili za RAW, yaani ghafi ambazo kamera haijazipika, ili uwe na pa kurekebishia, na ikishindikana kabisa igeuze nyeusi na nyeupe. Nusu ya picha zangu za nyeusi na nyeupe ambazo watu husifu "usanii" wake zilikuwa nyekundu zisizotibika. Ila dawa ya kweli ni fundi taa. Mfuate kabla ya shoo, msalimie, mwambie, "Kaka, nyimbo mbili tu nipe weupe kidogo kwa mbele." Ni mtu ambaye hakuna anayemsalimia. Atakupa nyimbo nne.

Kuhusu pa kusimama nitakupa jambo moja, mengine utayaona mwenyewe. Angalia msanii anashika maiki mkono gani. Akishika wa kulia, mkono na kiwiko vinaufunika uso upande huo, kwa hiyo nenda upande wake wa kushoto, ambao kwa hadhira ni kulia. Usibonyeze akiwa ameibandika maiki mdomoni, maana utapata mtu anayekula ndizi nyeusi. Ngoja mwisho wa mstari, anapoishusha maiki na sauti bado imo usoni. Na ukumbuke mpiga drams na mpiga tumba kule nyuma. Wao ndio wanaotumiwa picha mara chache, na wao ndio watakaokukumbuka.

Flashi iache nyumbani. Kwenye shoo kubwa, hasa za wasanii wa kutoka nje, utakutana na utaratibu wa nyimbo tatu: wapiga picha wanaruhusiwa mbele kwa nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, halafu mnatolewa na mabaunsa. Hizo ni dakika kumi au kumi na mbili. Aliyezoea kupiga shoo nzima akitegemea kwamba saa ya tatu ya shoo itamletea bahati, anatoka pale na kadi tupu. Jizoeze hata kwenye baa: jipe nyimbo tatu, halafu kaa chini ufunge kamera, utazame tu ulichokikosa.

Video. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usipige picha na video katika wimbo mmoja. Nimejaribu, kila niliyemfundisha amejaribu, na wote tunapata picha mbovu na video iliyokatika. Gawa nyimbo: huu wa picha, ule wa video. Simu yako iweke kwenye tripodi nyuma, karibu na meza ya fundi sauti, ichukue jukwaa zima bila kuguswa, na wewe utembee na kamera ukitafuta mikono, nyuso, miguu. Ukija kuhariri, kila utakapotetereka utakimbilia picha ya simu.

Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, lakini sauti ya kukwaruza ataikimbia ndani ya sekunde tano. Mwaka wangu wa pili nilirekodi shoo nzima kwa maiki ya kamera, nimesimama mita tatu tu kutoka kwenye spika za besi. Nilipofika nyumbani nikasikia debe linapigwa mawe kwa saa mbili. Nikarudisha arubuni ya watu.

Sauti nzuri iko mezani kwa fundi mitambo. Mtafute siku moja kabla, au jioni wanapojaribu vyombo, na umwombe akutolee waya kutoka kwenye mikisa, ile mashine yake ya kuchanganya sauti. Njoo na nyaya zako, XLR, jeki kubwa ya gitaa na zile za RCA nyekundu na nyeupe, kwa sababu hujui mikisa yake ina matundu gani, na fundi hawezi kukupenda ukianza kumwomba na waya. Usiuchomeke kwenye tundu la maiki la kamera. Umeme unaotoka kwenye mikisa ni mkubwa kuliko wa maiki, kamera itazidiwa, na 700D haina hata tundu la hedifoni ujisikilizie uharibifu. Tumia kirekodi kidogo chenye tundu la "line in", yaani la kupokea sauti yenye nguvu ya mikisa, cha kuazima kama huna, ushushe kiwango mpaka sehemu za makelele ziguse kama desibeli -12 kwenye kipimo chake, na uchomeke hedifoni humo.

Kuna mtego mmoja. Kwenye ukumbi mdogo drams na amplifaya za magitaa zinasikika zenyewe, kwa hiyo fundi hazipitishi kwa wingi kwenye mikisa. Utakachokipata kwenye waya ni mwimbaji mkubwa kama yuko sikioni na bendi iko mtaa wa pili. Ndiyo maana ile sauti ya simu iliyoko nyuma usiitupe, ichanganye kidogo upate ukumbi, makofi, vigelegele. Uzisawazishe kwa kofi moja la nguvu ulilolipiga mbele ya vyote kabla wimbo haujaanza. Na usishangae midomo ikipishana na maneno: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, simu iliyo mita 34 kutoka jukwaani inasikia kila kitu sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, ambayo ni fremu mbili na nusu kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Sauti ya simu iwahishe kwa mkono kiasi hicho, midomo itakaa.

Ukiwa kwenye menyu, hakikisha mfumo wa video umewekwa PAL, upige fremu 25 na shata 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, taa za tyubu na balbu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga fremu 30 na shata 1/60 utaona mistari inapanda na kushuka ukutani. Kamera za mtumba nyingi huja zikiwa zimewekwa vingine. Taa za LED za bei rahisi zinaweza kukuletea mistari hata hivyo. Badilisha shata kidogokidogo mpaka itulie, na kukiwa na jenereta mbovu, omba Mungu.

Nunua vizibo vya masikio. Vile vya sponji havina bei kubwa. Kelele ya desibeli 85 sikio linaihimili saa nane, na kila inapoongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100, ambazo mbele ya spika ni kawaida, una robo saa. Mimi sikio la kushoto linapiga filimbi usiku, na hiyo filimbi haina kiitikio.

Ukija Pwani, utafute namna ya kuizoeza kamera joto. Ukitoka nayo kwenye chumba cha kiyoyozi moja kwa moja hadi Ngome Kongwe ya Zanzibar, lenzi inatoka jasho na wimbo wa kwanza wote unaufuta kwa shati. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa hivi kabla ya kuifungua. Nimetaja Ngome Kongwe kwa sababu tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo lilianza 2004 na kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa limekuwa mle, ni mahali pazuri pa kulenga baada ya mwaka mmoja au miwili: taarabu, ngoma, gitaa za bara na wageni wa kila pembe ndani ya siku chache. Karibu zaidi na wewe kuna tamasha la TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kwenye matamasha ya namna hiyo kibali cha mpiga picha huombwa wiki nyingi kabla, na wanachokuuliza ni kazi zako. Hapo ndipo Ijumaa zako kumi za baa zinapokwenda: picha ishirini za bendi moja zilizopigwa na mtu anayeijua zina uzito kuliko picha mia za mastaa ulizopiga ukiwa katikati ya umati.

Fedha. Utaambiwa, "Njoo tu mdogo wangu, tutakutangaza." Kwa shoo mbili tatu za kujifunza, sawa, wewe ndiye unayenufaika. Baada ya hapo bei, na nusu yake iwe arubuni kabla hujapanda basi, na makubaliano yaandikwe hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: saa ngapi, picha ngapi, video dakika ngapi, zitumike wapi, jina lako liandikwe. Jua pia kila mmoja ananunua nini. Promota hanunui uso wa msanii, ananunua umati uliojaa na bango la mdhamini likiwa linasomeka, kwa sababu ndilo atakalompelekea mdhamini mwakani. Msanii ananunua kipande cha sekunde thelathini kilichosimama wima, kikiwa mkononi mwake usiku huohuo kabla mashabiki hawajalala. Mwenye baa ananunua meza zilizojaa. Nilipiga miaka mitatu picha ninazozipenda mimi tu, na njaa ikanifundisha kuanza na mabango, halafu kupiga ninayoyapenda.

Picha na video zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini wimbo uliomo ndani ya video yako nao unalindwa kwa sheria hiyohiyo. Kwa hiyo kupandisha wimbo mzima kwenye YouTube bila ruhusa ya mwenye nao ni kutafuta ugomvi. Na faili za RAW usimpe mtu. Ukishampa, kesho utaiona picha yako imepakwa rangi ya chungwa na jina lako chini yake.

Ukitoka saa nane usiku, kadi isibaki kwenye kamera. Itoe, iweke mfuko wa ndani, kamera iende mgongoni. Bodaboda awe unayemjua. Kamera ikiporwa utalia, ila shoo ya mtu ikipotea utalia wewe na yeye.

Basi, Alhamisi hii nenda kwenye mazoezi ya kwaya bila kamera. Baada ya miezi mitatu nitumie picha tatu tu, zisizidi, na moja kati yake iwe ya mpiga tumba.